Paka Anayetafuna Sweta, Rasta na Waya: Cha Kuangalia na Namna ya Kumzuia

Sweta ikiharibiwa na paka, itandaze mezani kabla hujaifua. Kama sehemu ile imelowa mate na nyuzi zimevutika lakini kitambaa kipo chote, paka wako ananyonya. Kama kuna tundu, na kipande kilichotoka hukioni sakafuni wala chini ya kochi, amemeza. Kila kinachofuata kinategemea jibu hilo. Paka anayenyonya blanketi anaweza kuzeeka na tabia yake bila kudhurika. Anayemeza vipande vya sufu, sponji ya godoro au mpira wa ndala anaweza kuziba utumbo usiku wa leo.

Kwa wiki mbili, andika kwenye daftari: ametafuna nini, saa ngapi, alikula lini mara ya mwisho, na kama kuna kipande kilichopotea. Choo chake nacho kikague kwa kijiti kabla ya kutupa. Bila daftari utabaki kusema "anatafuna kila kitu," na daktari wa mifugo hana la kufanya na maneno hayo. Paka wengi wana vitu viwili au vitatu tu wanavyovipenda.

Uzi, rasta na lastiki

Hapa ndipo pa kuogopa kuliko waya wa umeme. Nyumba nyingi za Arusha na Moshi zina cherehani barazani au mtu anayesuka nywele sebuleni, na paka huona nyuzi na rasta kama mikia ya panya. Ulimi wake una vijimiba vinavyoelekea kooni, kwa hiyo uzi ukishaingia mdomoni ni vigumu kwake kuutema. Anaendelea kumeza tu.

Mara nyingi ncha moja hunasa chini ya ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumboni, na iliyobaki inashuka. Utumbo unasukuma, uzi haufuati, na utumbo wote unajikunja kama kiuno cha sketi kilichopitishwa lastiki. Kisha uzi unaanza kukata ukuta wa utumbo. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au umetokeza nyuma, usiuvute hata kidogo, maana kuvuta ndiko kunakopasua. Usiukate pia wa mdomoni. Uache ulivyo, daktari auone ulikonasa. Mfunge kwenye boksi lenye matundu au kikapu cha mfuniko umpeleke, na kama kwenye uzi kulikuwa na sindano, sema mapema ili apigwe picha ya eksirei.

Kama unashuku tu, mkague hivi: mtu mmoja amviringishe paka kwa taulo, kichwa kibaki nje. Wewe shika taya la juu kwa mkono mmoja, kwa kidole cha mkono wa pili fungua taya la chini, kisha kwa dole gumba sukuma taratibu kutoka nje katikati ya mifupa ya kidevu. Ulimi utainuka na utaona chini yake. Usipoona uzi bado hujasalimika, kwa sababu unaweza kuwa umenasa ndani zaidi. Dalili za kuziba ni kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, kujificha, kukosa choo na kukataa kushikwa tumbo. Paka aliyekaa saa 24 bila kula usimsubirie kesho nyingine, hasa akiwa mnene, kwani ini lake huathirika haraka akikaa na njaa siku kadhaa.

Usimtapishe kwa maji ya chumvi wala maziwa. Wala usimpe Panadol eti ana maumivu: kidonge kimoja cha paracetamol kinatosha kumuua paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu.

Kuzuia ni kazi ya dakika tano. Anayeshona amalize kwa kufagia chini ya cherehani na kufungia vibobini kwenye kopo la mfuniko. Rasta zilizokatwa zitiwe moja kwa moja kwenye ndoo yenye kifuniko, siyo kwenye kapu la wazi kona ya chumba. Lastiki za nywele ziwe kwenye droo. Kamba iliyofungia nyama nayo ihesabiwe: inanukia nyama, kwa hiyo kwake ni nyama.

Blanketi na sweta

Kunyonya kitambaa huanza mara nyingi kabla paka hajatimiza mwaka. Sufu ndiyo inayopendwa zaidi, pamba inafuata, kisha vitambaa vya nailoni na akriliki. Siamese na Burmese wanaongoza kwa tabia hii, lakini paka wetu wa kienyeji hawakosi, na huku kwetu sababu moja inajirudia: watoto wa paka wanagawiwa mapema mno. Mtu anaona ameshafumbua macho na anatembea, anampa jirani akiwa na wiki nne. Mwache na mama yake mpaka wiki 8, ikiwezekana 12.

Juni hadi Agosti, baridi ya Arusha inapobana, tabia huongezeka kwa sababu mablanketi na sweta za mtumba zimetoka kabatini. Usimnyang'anye kila kitu kwa siku moja. Atahamia kwenye soksi au taulo. Mpe kitambaa kimoja cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kisicho na pindo la nyuzi, alale nacho, na vya sufu vifungie. Akianza kutoboa hata hicho, kiondoe.

Kisha badilisha mlo. Paka anayetafuna vitambaa hufaidika na chakula cha kumpa kazi mdomoni. Firigisi za kuku ni nzuri sana: zichemshe dakika 15 bila chumvi wala kitunguu, zikate vipande viwili viwili, umpe moja asubuhi na moja jioni. Ni ngumu kiasi cha kumfanya atumie magego. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha. Kijiko kimoja cha chai cha boga lililochemshwa, likichanganywa na chakula, kinaongeza nyuzinyuzi.

Paka mzima wa kilo 4 anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku. Hiyo ni kama gramu 120 hadi 150 za nyama au samaki waliopikwa. Ugali uwe kijiko cha kujazia tu. Paka anayelishwa ugali na maziwa miezi na miezi hukosa taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na mwisho wake ni moyo dhaifu na upofu. Dagaa wanafaa, na mifupa yao inaleta kalsiamu ambayo nyama tupu haina, ila waloweke dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu kutoa chumvi na mchanga, mwaga maji, ndipo uwachemshe. Kitunguu maji na kitunguu saumu visiguse sufuria yake, vinaharibu damu ya paka. Gawa chakula mara nne kwa siku badala ya mara moja usiku. Daftari lako huenda likaonyesha kwamba sweta hutafunwa saa moja kabla ya mlo.

Kuchoka kukaa bure nako ni sababu, hasa kwa paka wa kufungiwa ndani. Bao la zamani lenye mashimo yake 32 ni chombo bora cha kumlishia: tia dagaa mmoja mmoja kwenye mashimo kumi hivi, avitafute. (Wazee wanaocheza wanaweza kununa. Tumia lililopasuka.) Ongeza mchezo wa dakika 10 asubuhi na 10 jioni kabla ya kula: ufito wa mita moja, kamba ya sentimita 60, na manyoya ya kuku mwishoni. Mchezo ukiisha, ufito unaingia kabatini, kwa sababu kamba hiyo ni ileile tuliyoionya juu.

Plastiki, waya na kadibodi

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya mkate na dagaa vingalipo, navyo vinanukia chakula na vinachakacha. Dawa ni ndoo ya taka yenye mfuniko wa kubana. Kadibodi akiichana na kuitema, mwache aburudike.

Waya unataka kazi zaidi. Nunua bomba la plastiki la mafundi umeme la milimita 20, lipasue kwa urefu kwa kisu kikali, upachike nyaya za televisheni na friji ndani yake. Chaja ichomolewe simu ikijaa. Maganda ya limau yaliyosuguliwa juu ya bomba au siki iliyopakwa kwa kitambaa huwafukuza wengi, ila rudia kila baada ya siku mbili tatu. Pilipili usitumie, inahama kutoka kwenye makucha mpaka machoni. Shubiri inayopakwa titi kumwachisha mtoto nayo iache, utomvu wake unaharisha paka vibaya.

Akinaswa na umeme, zima meni swichi kabla hujamgusa. Hata akiinuka na kutembea, mpeleke akaangaliwe: maji yanaweza kujaa kwenye mapafu saa kadhaa baadaye, na vidonda vya ulimi humzuia kula.

Mtoto wa paka wa miezi mitatu hadi sita anayetafuna kila kitu yupo kwenye kubadilisha meno, kutoka 26 ya utotoni hadi 30 ya utu uzima. Mpe kitambaa kibichi kilichokaa kwenye friza na umvumilie. Ila paka wa miaka mitano anayeanza ghafla, anayetafuna upande mmoja au anayedondosha chakula na kutokwa mate, huyo ana jino bovu au fizi zilizovimba.

Udongo, mkaa na ukuta

Akilamba saruji, akila udongo au mchanga wa choo chake, inua mdomo wa juu uangalie fizi. Ziwe na rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe au kijivu, damu imepungua, na watuhumiwa wa kwanza ni minyoo ya safura na viroboto. Mchane juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vidoa vyeusi vinavyoyeyuka na kuwa vyekundu ni kinyesi cha viroboto, yaani damu yake mwenyewe. Kitoto cha paka kinaweza kufa kwa viroboto peke yake.

Kosa linaloua hapa ni kumwogesha dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Permethrini na sipamethrini zilizomo ndani yake humtia paka degedege. Duka la dawa za mifugo likikuambia "weka kidogo tu," toka. Omba dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka, na ya minyoo ipimwe kwa uzito wake.

Majani

Kula nyasi na kutapika baadaye ni kawaida. Hatari ni anapokosa nyasi akageukia mapambo. Masale, ambayo kwa Wachaga ni mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) na jani la kuombea msamaha, kwa paka ni sumu: hutapika, hudondosha mate, mboni zinapanuka. Yungiyungi (lily) la kwenye chombo cha maua ni baya mara kumi. Chavua aliyoilamba kwenye manyoya au maji ya chombo hicho yanatosha kuua figo ndani ya siku tatu, na matibabu yanasaidia yakianza saa zilezile. Wenye paka wapewe waridi. Arusha hayapungui, na hayana sumu.

Mpandie nyasi zake. Nunua nusu kikombe cha ngano isiyokobolewa kwenye soko la Kilombero (Arusha) au la Mbuyuni (Moshi), na usichukue ya mbegu iliyopakwa dawa, ile yenye rangi nyekundu au ya zambarau. Loweka saa 12, tandaza juu ya udongo wa sentimita 4 kwenye kopo lililotobolewa chini, funika kwa udongo mwembamba. Moshi itafika kimo cha kidole baada ya wiki moja. Arusha wakati wa Julai subiri siku kumi na zaidi. Ikianza kunyauka au kuota ukungu mtupie kuku, upande nyingine.

Vituko vya kawaida, na visivyo vya kawaida

Kukanda tumbo lako kama unga wa chapati, kugonganisha meno akimwona ndege dirishani, kubaki mdomo wazi kama aliyeshangaa baada ya kunusa kiatu (anapeleka harufu kwenye kiungo kilichopo juu ya kaakaa), kukimbia chumba hadi chumba saa kumi alfajiri: hayo yote ni ya paka mzima wa afya.

Mengine ni ya kumpeleka siku hiyohiyo. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka amezibwa njia, na anaweza kufa ndani ya siku mbili. Kusukuma kichwa ukutani au kuzunguka duara ni ugonjwa wa ubongo au wa ini.

Na paka aliyebadilika ghafla, anayeng'ata mawe na vijiti, sauti imekauka, mate yanadondoka na anarukia watu, mhesabu kuwa ana kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vinginevyo. Usimfungue mdomo kumkagua. Mfungie chumbani peke yake na umwite ofisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano, akiwa na kadi ya chanjo ya paka kama ipo. Chanjo ya paka huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Ulizia wilayani kwako kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maana kampeni nyingi hupangwa kuizunguka tarehe hiyo, na paka anapokelewa kama mbwa.