Namna ya kutengeneza damu ya filamu ya kutisha hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo

Kundi la vijana wanaotaka kupiga filamu ya kutisha kuhusu wanaharakati waliokwama msituni halihitaji fedha nyingi. Linahitaji damu inayosadikika mbele ya kamera, na utaratibu wa kuizuia isimshtue mtu yeyote aliye nje ya kamera, kwa kuwa katika mji huu wengi wameiona damu ya kweli.

Chemsha vikombe viwili vya sukari katika kikombe kimoja cha maji hadi sukari iyeyuke yote na maji yaanze kuvutika kwenye kijiko, kisha uepue na uache yapoe. Tia rangi nyekundu ya chakula. Rangi hiyo peke yake huonekana kama sharubati ya watoto, kwa hiyo ongeza nusu kijiko cha unga wa kakao uliokorogwa kwanza katika maji ya moto kidogo, ambao huondoa mng'ao na kuifanya damu isipenye mwanga. Dondosha tone kwenye sahani nyeupe, ulipige picha kwa simu juani na kivulini, kwa sababu jicho na kamera havioni wekundu kwa namna moja. Damu ya mbuzi kutoka machinjioni, ambayo wengine huisifu, huganda, hunuka na inaweza kuleta maradhi. Hii ya sukari nayo huita nyuki na sisimizi, basi ipakeni dakika ya mwisho.

Kwa jeraha, kanda unga wa ngano na mafuta mazito ya kujipaka mpaka usishike vidole, ubandike mkononi, na kingo uzilainishe kwa mgongo wa kijiko hadi zipotee kwenye ngozi. Pasua katikati kwa kijiti butu, kamwe si kwa kisu, kisha ujaze kahawa iliyokorogwa nzito kabla ya kumimina damu. Kama kuna onyesho la mtu kuliwa, nyama hiyo na iwe papai lililoiva.

Msitu wa Kahuzi-Biega, ambao ni hifadhi ya taifa tangu 1970, uacheni: unahitaji kibali, na usalama wake hauko mikononi mwa kundi la filamu. Migomba nyuma ya nyumba inatosha kamera ikiwekwa chini, ikitazama kati ya majani, bila kuonyesha anga wala paa la bati.

Fikirini pia nani atakuwa muuaji. Filamu ya The Green Inferno ya mwongozaji Eli Roth, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 2013, inawapeleka wanafunzi wa Marekani kuutetea msitu wa Amazon, kisha wenyeji wa msitu wanawala. Shirika la Survival International, linalotetea haki za watu wa asili, liliilalamikia. Hapa kwetu, ambako Batwa, wenyeji wa asili wa msitu, waliondolewa katika hifadhi hiyo miaka ya 1970 na bado ni jirani zetu, kuwafanya watu wa msituni kuwa wala watu kungekuwa dhuluma juu ya dhuluma. Mimi ningemchagua mmoja wa wanaharakati wenyewe.

Siku chache kabla ya kupiga, mpelekeeni mkuu wa avenyu (mtaa) na polisi barua yenye tarehe, saa na namba ya simu, na mpite nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani. Silaha za bandia zisionekane barabarani. Katika filamu yetu ya kwanza mwenzetu alitoka kununua maji, shingo ikiwa imelowa damu ya kakao, na mama muuza ndizi akaitupa beseni yake na kukimbia. Tulilipa ndizi zote, lakini mikono yake iliendelea kutetemeka tulipokuwa tukimhesabia pesa. Tangu hapo mtu mmoja hukaa langoni, na hatoki yeyote kabla ya kunawa.

Mwishowe, wekeni ushahidi. Nchini Italia, baada ya filamu yake ya 1980 kuhusu wala watu, mwongozaji Ruggero Deodato alishukiwa kuwaua waigizaji wake, ikambidi athibitishe kwamba wako hai. Kwa hiyo kila onyesho la kifo likiisha, pigeni picha nyingine ya marehemu akinawa shingo kwenye ndoo, na muihifadhi pamoja na filamu.