Kutoka swali hadi tasnifu: utafiti kwa daktari anayesomea ubingwa bobezi wa moyo wa watoto

Mwongozo huu ni kwa daktari bingwa wa watoto aliyeanza kusomea ubingwa bobezi wa moyo hapa Tanzania, na anayetakiwa kukamilisha tasnifu huku zamu, kliniki na chumba cha katheta (mirija myembamba inayopitishwa kwenye mishipa hadi moyoni) vikiendelea kumdai. Katika tasnifu nilizozisimamia, zilizokwama hazikukwamishwa na hesabu ngumu. Zilikwama kwa sababu mwandishi alianza kukusanya data kabla ya kuamua kila kipimo kina maana gani.

Hatua ya 1: Punguza mada mpaka iwe swali

"Magonjwa ya moyo ya kuzaliwa katika hospitali yetu" ni mada, si swali. Mfano ninaopenda kuutumia ni utafiti wa GOAL wa kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2021. Watafiti walitaka kujua kama mtoto wa miaka 5 hadi 17, ambaye kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kimeonyesha ugonjwa wa moyo wa rumatiki (unaoharibu vali za moyo) uliojificha, yaani bado hauna dalili, atakingwa ugonjwa usizidi akichomwa sindano ya antibiotiki ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Watoto 818 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, na mwishoni ugonjwa ulikuwa umezidi kwa 3 kati ya 399 waliochomwa sindano na kwa 33 kati ya 400 wasiochomwa. Swali lilitaja ni mtoto yupi, anafanyiwa nini, analinganishwa na nani, na kinahesabiwa nini baada ya muda gani.

Wewe hutakuwa na uwezo wa jaribio kubwa namna hiyo, lakini unaweza kuuliza kwa umakini uleule: je, watoto wenye tetralojia ya Fallot (kasoro nne za moyo zinazozaliwa pamoja) wanaopasuliwa baada ya kutimiza miaka 5 hukaa siku nyingi zaidi katika chumba cha wagonjwa mahututi kuliko waliopasuliwa mapema?

Hatua ya 2: Chora majedwali matupu

Kabla ya kugusa faili hata moja, chora majedwali yatakayokuwemo kwenye sura ya matokeo, yakiwa na vichwa vya safu lakini bila namba. Kisha andika maana ya kila kichwa kwa namna ambayo mwenzako wa zamu ya usiku angeweza kujaza bila kukupigia simu. Hapa ndipo ninapowaweka wanafunzi wangu muda mrefu kuliko wanavyopenda.

Anza na umri. Madaktari tumezoea kuandika 3/12 kwa miezi mitatu, 3/52 kwa wiki tatu na 3/7 kwa siku tatu. Ukiiandika 3/12 kwenye programu ya lahajedwali, inaweza kugeuka kuwa tarehe bila wewe kuulizwa, na mtoto wa miezi mitatu akawa tarehe 3 Desemba. Kosa hilo liliwahi kuturudisha stoo ya mafaili kwa wiki mbili, na kosa lilikuwa letu. Andika tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya upasuaji, kisha uiachie programu ikokotoe umri.

Kiwango cha oksijeni nacho kinadai maelezo: mtoto alikuwa ametulia au analia, akivuta hewa ya kawaida au akiwa kwenye oksijeni? Upana wa vali ya mapafu hubadilishwa kuwa alama ya z (inayoonyesha kipimo kiko mbali kiasi gani na wastani wa watoto wenye ukubwa huo) kulingana na ukubwa wa mwili, na kanuni za kufanya hivyo ni zaidi ya moja, kiasi kwamba vali ileile inaweza kuonekana nyembamba kwa kanuni hii na ya kawaida kwa ile. Chagua moja, itaje, usiibadilishe njiani.

Gumu kuliko yote ni siku za kulazwa. Mtoto aliyefariki siku ya pili baada ya upasuaji amekaa siku mbili tu. Ukimchanganya na waliotoka wazima, kifo kitaonekana kama nafuu. Amua mapema, pamoja na mtakwimu, vifo vitashughulikiwaje.

Hatua ya 3: Hesabu watoto, kisha hesabu wiki

Tuseme swali lako ni la kukadiria asilimia. Ukitarajia tatizo lipo kwa asilimia 20 ya watoto, na unataka kadirio lenye kosa lisilozidi asilimia 5 kila upande kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, unahitaji watoto 246. Kliniki ikiona watano wa aina hiyo kwa wiki, hizo ni wiki 50, bila kuhesabu likizo yako. Kama muda hautoshi, badilisha swali sasa.

Hatua ya 4: Kibali na ridhaa

Ulizia mapema ni vibali gani vinavyohitajika kutoka kamati ya maadili ya chuo, uongozi wa hospitali na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa maana barua hizi hazina haraka. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Mama anaelewa "tundu kwenye moyo". Haelewi "kasoro ya ukuta wa ventrikali". Sentensi muhimu kuliko zote ni ile inayosema kwamba akikataa, mwanawe hatarudishwa nyuma kwenye foleni ya upasuaji, kwani hofu hiyo ndiyo inayowafanya wazazi wengi wasaini wasichokitaka. Mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye aulizwe.

Hatua ya 5: Jaribu kwa watoto kumi

Jaza fomu kwa watoto kumi, kisha mwenzako awajaze walewale bila kuona majibu yako. Mnapotofautiana, rekebisheni maelezo ya hatua ya 2, msirekebishe namba. Kwa picha za eko, msomaji wa pili asijue mtoto yuko kundi gani.

Kama utawafuatilia baada ya kuruhusiwa, chukua namba tatu za simu, mojawapo ya ndugu anayeishi mji mwingine. Familia iliyokuja Dar es Salaam kutoka Kigoma mara nyingi hurudi nyumbani na laini mpya.

Hatua ya 6: Andika

Anza na mbinu, ambazo ulikwisha kuziandika, kisha jaza majedwali, na utangulizi uwe wa mwisho. Kwa utafiti wa uchunguzi (unaoangalia tu bila kutoa tiba ya majaribio) tumia STROBE, orodha ya mambo ambayo ripoti ya utafiti wa aina hiyo inapaswa kuyataja, yenye vipengele 22, ukiandika pembeni ya kila kipengele namba ya ukurasa kinapopatikana, kisha mpelekee msimamizi wako tasnifu na orodha hiyo kwa pamoja.