Moshi mpaka Wasini: mambo ya kuweka sawa kabla hujawapakia watoto kwenye gari

Kila nikisema tulienda nje ya nchi tukarudi siku iyo iyo, watu hapa Moshi wananiangalia kama nimeanza kuongopa uzeeni. Ila inawezekana, shart uwe na pa kulala Tanga. Sisi shangazi yao watoto anakaa Chumbageni, kwa iyo tunashuka Tanga siku moja kabla, kama kilomita 350 hivi kwa njia ya Same, Mombo na Segera, tunalala, afu alfajiri tunakamata barabara ya Horohoro. Mpaka uko kama kilomita 65 kutoka Tanga mjini na ni lami. Ukishavuka Lunga Lunga, upande wa Kenya, unaenda kidogo na barabara kubwa ya kwenda Mombasa, unakata kulia kuelekea baharini, unafika Shimoni, na pale mbele yako ng'ambo ya maji ndo kisiwa cha Wasini chenyewe, kijiji cha matumbawe ambacho hakina gari hata moja.

Sasa nianze na makaratasi maana ndo yalituangusha. Mara ya kwanza sisi tuliishia Horohoro. Mimi na baba watoto tulikuwa na pasipoti, wakubwa wawili walikuwa nazo, wa mwisho tukabeba cheti cha kuzaliwa tukajua mtoto wa miaka minne nani atamuuliza. Akaulizwa. Afisa wala hakuwa mkali, alitueleza taratibu kabisa kwamba kila kichwa kinachovuka kinataka hati yake ya kusafiria, mtoto mchanga hata babu. Tukageuza gari tukaenda kuogelea Raskazone, watoto hawakujali lakini mimi niliumia mpaka jioni. Kwa hiyo: wiki tatu kabla, panga pasipoti zote mezani, hesabu vichwa, angalia tarehe za kuisha. Asiye na pasipoti anaweza kuombewa hati ya dharura ya safari Uhamiaji, inatosha kwa Kenya, na viza hatuhitaji kama raia wa Afrika Mashariki. Wale mnaosema mtatumia kitambulisho cha NIDA kwa vile mmesikia Waganda na Wanyarwanda wanaingia Kenya na vitambulisho vyao, hiyo ni ya kwao, sisi hatumo. Cheti cha kuzaliwa bado beba, na kama unavuka na watoto mwenyewe bila mwenzio, beba barua ya mzazi mwingine yenye sahihi, na kopi ya kitambulisho chake.

Afu kuna vichekesho vya kadi ya njano. Ziko mbili na zote zinaitwa kadi ya njano! Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 ukishachanjwa mara moja inahesabika ya maisha, ila lazima zipite siku kumi kabla haijaanza kutambulika kwa hiyo usiende kuchanja Ijumaa uvuke Jumamosi. Nyingine ni ya gari, bima ya COMESA, unaikata kwenye bima yako hapa hapa Moshi kwa sababu bima ya kawaida inaishia mpakani. Baba watoto aliambiwa dirishani atoe kadi ya njano ya gari akatoa ya chanjo, akarudishiwa, akaitoa tena ile ile, yani nusu saa watu wanabishana huku kila mmoja yuko sahihi. Beba na kadi ya usajili ya gari, orijino, na kama gari ni la kaka au la ofisi beba barua inayosema umeruhusiwa kutoka nalo nje ya nchi.

Hela. Badilisha kidogo mpakani, angalia rate kwenye simu kwanza usije ukapigwa, shilingi moja yao ni kama ishirini zetu. Hapa kuna mtego wa akili: ukisikia samaki ni mia nane unaona bure kabisa, unaagiza watano, unakuja kushtuka ni elfu kumi na sita kila mmoja. Sisi sa hivi mkubwa ndo kalkuleta ya safari, kila bei anazidisha kwa ishirini kwa sauti mpaka wauzaji wanacheka. Kiingilio cha hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ile ya jirani na Wasini ambako boti zinapeleka watu, kinalipwa kwa mtandao, keshi hawapokei getini, kwa hiyo malizana nacho mapema ukiwa na intaneti nzuri au mwombe mwenye boti akulipie umrudishie. Na uchague bei ya raia wa Afrika Mashariki! Ni tofauti kubwa na ya mgeni wa Ulaya, ila lazima uonyeshe pasipoti, hivyo usiziache kwenye gari Shimoni.

Mifuko ya plastiki Kenya ilipigwa marufuku 2017, miaka miwili kabla yetu, hilo tumeshazoea. Wengi wasilolijua ni kwamba tangu Juni 2020 kwenye hifadhi na fukwe zao hata chupa za maji za kutupa, mirija na vikombe vya plastiki haviruhusiwi. Ile katoni ya maji mnayonunuaga njiani iishie kwenye gari. Beba chupa za bati za shule za watoto na dumu moja kubwa la kujazia.

Hapa sasa nitakaa kidogo, maana sisi watu wa mlimani tunaijua mvua na baridi, bahari tunaijulia kwenye picha. Usichague tarehe kwa kuangalia wikiendi tu, angalia mwezi, namaanisha ule wa angani. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanakuwa bamvu, yanajaa sana na kupwa sana, katikati ya hapo ni maji mafu, hayajai wala hayakauki vya kutisha. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini, ndo maana saa uliyoambiwa na rafiki aliyeenda wiki jana haikusaidii kitu. Nyuma ya kijiji cha Wasini kuna bustani ya matumbawe ya zamani, majabali makali yamesimama kama vichuguu, na kina mama wa kijiji wamejenga daraja la mbao unapita juu yake. Maji yakipwa unatembea juu ya mchanga na mikoko unaona kaa wanakimbia chini, yakijaa ni kitu kingine kabisa. Mpigie mwenye boti siku mbili kabla umuulize maji yanajaa saa ngapi, ndo upange saa ya kutoka Tanga, usianze na saa ya chai.

Na msimu. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, bahari imetulia na maji yanaonyesha mpaka chini. Kusi ikishika, hasa Juni na Julai, mawimbi yanapanda na watoto watatapika. Likizo ya Juni ndo hiyo hiyo, najua, lakini ukienda kipindi hicho jipange: dawa ya kichefuchefu saa moja kabla ya kupanda (muulize mfamasia dozi ya mtoto), tangawizi ya kutafuna, chai nyepesi na andazi kavu, siyo supu. Wa mwisho wetu alikula chapati tatu kwa shangazi na maziwa, na tulizipata zote ndani ya boti. Faida ya miezi hiyo ni kwamba kuanzia Julai mpaka Oktoba nyangumi wanapita. Pomboo wapo mwaka mzima, ingawa hakuna anayeweza kukuahidi.

Laifu jaketi usikubali maneno ya "zipo". Mvalishe mtoto ukiwa bado nchi kavu, funga klipu zote, afu shika jaketi mabegani unyanyue. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa, omba dogo. Boti moja tuliyoendea lilikuwa na majaketi mazuri ya watu wazima na moja la mtoto ambalo klipu imekatika imefungwa kwa kamba ya kiatu. Nikakataa kupanda. Nahodha alinuna, lakini ndani ya dakika kumi kijana alikuja anakimbia na mengine matatu, kwa hiyo yalikuwepo tu sehemu.

Vingine vya haraka: viatu vya kuingia navyo majini kwa sababu ya wale wadudu wa miiba mieusi, kofia, losheni ya jua hata kwa sisi weusi, maana jua la juu ya maji linapiga mara mbili. Wasini ni kijiji cha Waislamu, suti ya kuogelea ni ya kwenye boti, ukishuka kijijini funga kanga, kaptula ya baba ifike magotini, bia zibaki Moshi. Wazee ni shikamoo kwanza ndo biashara. Wao wanaongea Kivumba, utasikia kama Kiswahili unachokijua lakini kinakuponyoka, wakikugeukia wanaongea cha kawaida. Chakula cha mchana agiza mkiwa bado mnaenda, wali wa nazi na kaa huchukua muda, na mtoto ambaye hajawahi kula kaa apewe kidogo kwanza.

Ukibaki na muda Shimoni, pitia mapango waliyofungiwa watumwa kabla ya kusafirishwa. Wadogo wanaogopa giza na popo, tochi ya simu inatosha.

Kurudi, geuza mapema mvuke mkiwa na jua. Nguo kavu na sweta ziwe juu kabisa ya begi, siyo chini, kwa sababu watoto watalala na chumvi mwilini kabla hata hamjafika Lunga Lunga, na mpakani afisa atataka kumuona kila mmoja usoni. Wa mwisho wetu alishushwa akiwa amefunikwa kanga ya shangazi, macho hajafungua, akamwamkia shikamoo askari wa kila dirisha.