Kupima na Kuweka Gepu la Ringi za Pistoni Kabla ya Kufunga Injini

Ringi ya pistoni, yaani pete ya chuma inayoizunguka pistoni na kuziba nafasi kati yake na ukuta wa silinda, imekatwa mahali pamoja, na nafasi inayobaki kati ya ncha zake mbili inapokuwa ndani ya silinda ndiyo gepu. Mafundi wengi hununua seti ya ringi, huivalisha pistoni na kuisukuma ndani bila kupima, kwa sababu sanduku limeandikwa jina la injini. Sanduku hilo, hata liwe la kampuni yenye sifa, halijui silinda yako imehoniwa, yaani imesuguliwa kwa mawe, kwa kiasi gani, wala halijui kama karakana iliyochonga bloku ilifuata kipimo. Kila ringi inapaswa kupimwa ndani ya silinda ileile itakamofanyia kazi.

Sababu ya kuwapo kwa gepu ni joto. Chukua mfano wa injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 inayobeba Probox nyingi za Kenya na IST za Tanzania. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 75, kwa hiyo mzingo wake ni karibu milimita 235.6, na chuma cha kusubu chenye urefu huo huongezeka karibu milimita 0.26 kila joto lake linapopanda kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Silinda nayo hutanuka, lakini ukuta wake unapozwa na maji, ilhali ringi ya juu iko jirani na moto; tofauti hiyo ya joto ndiyo inayokula gepu. Likiisha kabisa ncha hugusana, na ringi, kwa kukosa pa kutanukia, hujikandamiza ukutani, hukwaruza silinda, na wakati mwingine huvunja kingo ya mtaro wa pistoni au kuikamatisha pistoni yenyewe. Gepu likizidi kidogo, kinachopotea ni gesi kidogo tu inayovujia kwenye sampu, beseni la oili lililo chini ya injini. Ndiyo maana, ukilazimika kuchagua, ni afadhali kukosea kwa upande wa kupanua kuliko wa kubana.

Kipimo cha kufuata ni kile kilichomo katika kitabu cha ukarabati cha injini husika. Kitabu kisipopatikana, kanuni inayotumiwa sana kwa ringi ya juu ya injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ni milimita 0.004 kwa kila milimita moja ya kipenyo cha silinda. Kwa 1NZ-FE hesabu hiyo inatoa milimita 0.30, na kwa 3S-FE, yenye silinda ya milimita 86, inatoa 0.34. Injini yenye tabo hupata joto kali zaidi, na hesabu yake hupanda hadi 0.005 au 0.006 kwa kila milimita. Ringi ya pili siku hizi hupewa gepu kubwa kidogo kuliko la ya kwanza, ili gesi iliyopenya ringi ya juu ipate njia ya kutoka. Ikinaswa katikati huinyanyua ringi ya juu kutoka kwenye mtaro wake, na kompresheni hupungua injini inapozunguka kwa kasi.

Kazi ya kuhoni au kuchonga silinda iwe imekamilika kabla ya kupima, kwa kuwa kila badiliko la kipenyo hubadilisha gepu kwa zaidi ya mara tatu ya kiasi chake. Osha silinda kwa maji ya moto, sabuni na brashi hadi kitambaa cheupe kitoke safi, kwa maana petroli peke yake haiondoi unga wa mawe ya kuhoni, kisha kausha na upake oili nyepesi ili kutu isishike. Panga ringi mezani kwa silinda, ya kwanza hadi ya nne, na usizichanganye tena.

Ingiza ringi ya juu ndani ya silinda kwa mkono, kisha isukume kwa kichwa cha pistoni isiyo na ringi, iliyogeuzwa juu chini, ili ilale sawasawa. Ringi iliyolala upande hutoa kipimo cha uongo, tena cha kukufariji, kwa kuwa gepu huonekana kubwa kuliko lilivyo. Katika silinda iliyochongwa upya, kina cha sentimita mbili au tatu kinatosha. Katika silinda ya zamani iliyohoniwa tu, pima chini kabisa, pale safari ya ringi inapoishia, kwa sababu hapo ndipo ukuta haujalika na gepu huwa dogo kuliko kwingine. Ukipima juu peke yake ukaridhika, ringi hiyohiyo inaweza kubanwa inapofika chini.

Chomeka kati ya ncha bamba la filageji, kipimo chenye mabamba membamba ya unene unaojulikana. Bamba sahihi hupita kwa kukwama kidogo, kama linavutwa na mafuta, na bamba linalofuata kwa unene hukataa kuingia. Usililazimishe, kwa kuwa ringi hufunguka na kukudanganya. Pima pia juu na katikati ya silinda: gawa tofauti ya magepu kwa 3.14 nawe utapata tofauti ya kipenyo. Gepu la 0.30 chini na 0.46 juu lina maana kwamba silinda imepanuka juu kwa karibu milimita 0.05, na habari hiyo umeipata bila mikromita ya ndani. Kabla ya kutoa ringi, weka tochi chini ya bloku na uangalie kutoka juu: mwanga ukipenya kati ya ringi na ukuta mahali popote isipokuwa kwenye gepu, silinda si duara au ringi si yake.

Gepu likiwa dogo, chonga ncha moja tu na uiache nyingine kama ilivyotoka kiwandani, ili uwe na upande ulionyooka wa kulinganishia. Funga tupa laini kwenye jiliwa na usogeze ringi juu yake, ukikata kutoka uso wa nje kuelekea ndani na kuinua ringi wakati wa kurudi. Uso wa nje huwa na tabaka la kromi au molibdeni, na ukichonga kuelekea nje tabaka hilo hubanduka kwenye ukingo. Baada ya kila misuguo michache ifute ringi, irudishe silindani na upime tena. Kipimo kikifika, lainisha kingo kwa jiwe dogo la mafuta, kwa mguso mwepesi, hadi kidole kisihisi makali. Kitanuzi cha ringi ya oili, yaani springi ya ringi ya chini kabisa, hakichongwi kamwe. Ncha zake zigusane bila kupandana.

Gepu likiwa kubwa kupita kiwango, hakuna dawa ya tupa. Hakikisha kwanza umeuziwa saizi sahihi, kisha pima silinda. Kuna mafundi wanaonunua ringi za ovasaizi 0.25, yaani za silinda iliyopanuliwa kwa milimita 0.25, na kuzichonga ziingie kwenye silinda ya standadi iliyolika. Ringi hiyo ina mzingo uliozidi kwa karibu milimita 0.79, na hata gepu lake likipatikana, mkunjo wake ni wa duara kubwa zaidi, hivyo hauulalii ukuta vizuri. Kwa maoni yangu fedha hiyo ni bora iende kwenye kuchonga silinda na kununua pistoni za saizi mpya.

Andika gepu la kila ringi kwenye karatasi, kisha safisha mitaro ya pistoni kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjwa, bila kuikwaruza pistoni. Anza kuvalisha kutoka chini: kitanuzi, bati mbili za ringi ya oili, ringi ya pili, halafu ya juu, huku nukta au herufi zilizo karibu na gepu zikitazama juu. Usipange magepu mstari mmoja. La juu na la pili yapishane nusu duara, mbali na pande za pistoni zinazosukumwa ukutani. Ringi huzunguka zenyewe injini inapofanya kazi, kwa hiyo hakuna haja ya kulipimia jambo hilo kwa digrii. Paka oili, bana ringi kwa kibanio chake, na usukume pistoni kwa mpini wa nyundo. Ikikataa ghafla, simama, kwa kuwa ringi imechomoka juu ya bloku na pigo moja zaidi litaivunja. Zungusha krankishafti kwa mkono baada ya kila pistoni, ili uzito usio wa kawaida ujulikane ni wa silinda ipi kabla hujafunga inayofuata.