Wiki yenye mswada, safari ya Pemba na kionjo kinachozunguka: namna ya kuipanga

Kuna wiki ambazo mambo matatu humwangukia mwandishi wa filamu kwa pamoja. Prodyuza anataka mswada uliorekebishwa Ijumaa. Kuna sini (tukio moja la filamu) ya shamba la karafuu ambayo haiandikiki bila kuvuka kwenda Pemba. Na kionjo (trela) cha filamu yake nyengine, itakayooneshwa Ngome Kongwe mjini Unguja Jumamosi usiku baada ya Ijumaa hiyo, kimeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp na kila mtu ana lake la kusema. Kazi zote tatu zinawezekana. Zinaharibika kwa sababu zote zinagombania saa zile zile za asubuhi ambazo kichwa kiko safi, na mara nyingi anayeshindwa ni mswada, kwa kuwa mswada haupigi simu. Mpango ulio hapa chini umejengwa kuzilinda saa hizo.

Jumamosi: maoni na hesabu

Wiki yetu inaanza Jumamosi, jina lenyewe linasema, na mpango nao uanze siku hiyo. Chapisha kwenye karatasi maoni yote ya prodyuza na mwongozaji, kisha yagawe kwa kalamu mafungu matatu: yanayogusa kisa (mhusika anaondoka, mwisho unabadilika), yanayogusa sini moja moja, na yanayogusa maneno. Anza na kisa. Ukianza na maneno, sini uliyoing'arisha Jumapili itafutwa Jumanne. Maoni mawili yakipingana usijaribu kuyatii yote; uliza siku hiyo hiyo nani mwenye neno la mwisho, na jibu lake ulipate kwa maandishi.

Halafu hesabu kurasa. Tuseme mswada una kurasa 96 na mabadiliko yanagusa 20. Kuandika upya kurasa 5 kwa asubuhi moja ni kazi ya kutosha: saa mbili za kuandika, saa moja ya kuzisoma kwa sauti. Jumapili 5, Jumatatu 5, Jumanne 5. Jumatano ni safari, sifuri. Alhamisi 3 ukiwa Pemba, na Ijumaa alfajiri 2 za mwisho. Ukiahidi 12 kwa siku utaleta kurasa zilizoandikwa mara moja tu, na waigizaji ndio watakaogundua, kwa sababu mazungumzo hayatakaa mdomoni.

Kurasa

Kaa kazini baada ya sala ya alfajiri, simu ikiwa chumba chengine. Saa 12 mpaka saa 3 asubuhi zinatosha.

Umbo la ukurasa lisibadilike kwa sababu ya haraka. Herufi ni Courier ya ukubwa wa 12, pambizo ya kushoto sentimita 3.8, ya kulia 2.5. Jina la mhusika hukaa kiasi cha sentimita 9.4 kutoka ukingo wa kushoto, mazungumzo yake 6.4. Vipimo hivi ndivyo vinavyoufanya ukurasa mmoja ukadiriwe kuwa dakika moja ya filamu, na watu wa uzalishaji huugawa kila ukurasa mafungu manane ili wapange siku za kupiga picha. Ukipunguza herufi ili mswada uonekane mfupi, umewaharibia hesabu. Uliza pia karatasi gani inatumika. Letter ya Marekani ni sentimita 21.6 kwa 27.9, fupi kuliko A4 yenye 21 kwa 29.7, hivyo mswada ule ule ukihamishiwa Letter huongezeka kurasa na prodyuza atadhani umerefusha. Tuma PDF, usitume faili linalojipanga upya kwenye kila kompyuta.

Kwa wiki ya safari, ni busara kuandika kwa Fountain. Ni maandishi ya kawaida tu, yanaandikika hata kwenye simu, na programu za miswada huyasoma na kuyapanga. Ila kuna kosa moja ambalo waandishi wa Kiswahili hukutana nalo: Fountain inatambua kichwa cha sini kikianza na INT au EXT, haijui NDANI wala NJE. Weka nukta moja mwanzo wa mstari, hivi: *.NJE. UANI KWA BI RUKIA – JIONI*. Bila nukta hiyo mstari hautambuliwi kuwa kichwa cha sini, na ukiwa wa herufi kubwa tupu na maelezo yakaufuata bila mstari mtupu kati yao, huchukuliwa kuwa jina la mhusika, na maelezo hayo yanageuka mazungumzo.

Weka nakala tatu: kompyuta, flashi, na barua pepe uliyojitumia mwenyewe kila unapomaliza. Jina la faili liwe na namba ya toleo na tarehe. Jina kama "mwisho kabisa" halimsaidii mtu kujua lipi jipya. Kabla hujalala hakikisha pawabenki imejaa, maana umeme ukikatika intaneti ya nyumbani inakatika nayo.

Saa za Kiswahili na saa za wageni

Mikutano mingi huvurugika hapa. Ukisema saa 4, mgeni anasikia nne za kwake. Andika zote mbili, "saa 4 asubuhi, yaani 10:00 kwa saa za Afrika Mashariki". London iko nyuma yetu saa 2 wakati wao wa kiangazi na saa 3 wakati wa baridi. Saa zao hubadilika, zetu hazibadiliki. Saa 4 asubuhi ya Los Angeles kwetu ni saa 2 usiku kiangazi na saa 3 usiku baridi. Usikubali mkutano wa saa 12 na nusu jioni kwa kuona tu uko wazi kwenye kalenda: hiyo ni magharibi, na mwezi wa Ramadhani ndiyo saa ya kufuturu. Na kabla ya saa 3 asubuhi usikubali mkutano na yeyote.

Kuvuka

Wakati wa kusi, takribani Juni mpaka Septemba, bahari huchafuka, na matamasha mengi yako msimu huo huo. Boti inaweza kuahirishwa hali ya hewa ikiwa mbaya. Kwa hiyo usirudi siku ya onesho lako. Rudi siku moja kabla. Si kila siku kuna boti ya Pemba, basi ulizia ratiba ya kwenda na ya kurudi kabla ya kulipa, na uwe na kitambulisho mkononi. Ndege ndogo huchukua kiasi cha nusu saa, lakini mzigo ni mdogo, mara nyingi kilo 15, na begi la kamera linazila haraka.

Usiandike ndani ya boti. Macho yakikazia ukurasa uliotulia huku masikio yanahisi mwendo, kichwa kinachanganyikiwa na kichefuchefu kinaanza. Dawa inywe kabla ya kupanda. Ukisubiri mpaka tumbo limechafuka haifiki popote. Kaa katikati ya boti, sehemu ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Saa za baharini ni za kulala.

Ukiteremka Mkoani, Chake Chake iko kama kilomita 30. Gari za abiria hupungua jioni, hivyo usipange mahojiano ya baada ya magharibi kama hujajua utarudi na nini.

Pemba: unachokwenda kutazama

Kosa kubwa ni kwenda na maswali ya mwandishi wa habari. Ukiuliza "Msimu wa karafuu ukoje?" mkulima atakujibu kwa bei, na bei haipigwi picha. Nenda ukatazame mikono. Piga simu kabla, maana mikarafuu haizai sawa kila mwaka, na unaweza kufika shamba ukakuta majani matupu. Ukifika, piga hodi kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwanza, ueleze shida yako, ndipo uingie kwa watu. Usitoe simu kurekodi mpaka umeamkia, umekaa na umeruhusiwa.

Jioni ndiyo saa yenye filamu. Vishada vimeteremshwa shambani, watu wamekaa wanachambua: kishada mkononi, kidole gumba kinasukuma, karafuu zinaangukia upande mmoja na makonyo, yaani vijiti vyake, upande mwengine. Sikiliza mlio wake. Angalia nani anachambua haraka na nani anazungumza, nani anapima kwa pishi na nani anamtazama anayepima. Andika rangi: karafuu mbichi ni za kijani na wekundu kwa mbali, na zikishinda juani siku kadhaa juu ya jamvi zinakuwa kahawia iliyokoza. Zikiachwa rundoni mbichi zinachachuka na thamani inaondoka. Mvua ikitishia, basi, ni pesa inayotishiwa. Sini yako iko hapo.

Katika mswada wa kwanza pengine uliandika, "Bi Rukia ana wasiwasi kuhusu deni la skuli ya mtoto." Kamera haioni wasiwasi wala deni. Baada ya safari inaweza kuwa hivi:

NJE. UANI KWA BI RUKIA – JIONI

Majamvi matatu yamejaa karafuu za siku mbili. BI RUKIA (50) anachambua vishada vya leo. Makonyo yanaanguka miguuni mwake.

Tone moja la mvua linatua juu ya jamvi. Mkono wake unasimama.

BI RUKIA
Aisha. Ncha ile.

AISHA (14), sare ya skuli bado mwilini, anashika ncha ya jamvi.

Maneno matatu tu yanasemwa. Deni linaonekana kwenye ule mkono uliosimama na kwenye sare ambayo hakupata nafasi ya kuivua.

Lugha nayo inataka uangalifu. Kipemba si kimoja. Mtu wa Micheweni na mtu wa Mkoani watakusahihisha kila mmoja kwa lake. Usijaze mswada kwa tahajia za ajabu zinazomkwamisha mwigizaji. Andika Kiswahili cha kawaida, chagua maneno machache ya mahali pale, kisha mpe mwenyeji asome mazungumzo kwa sauti na uandike palipomkwaza. Kama filamu itatafsiriwa, kumbuka manukuu chini ya picha huwa mistari miwili isiyozidi kama herufi 42 kila mmoja. Hotuba ndefu ya mhusika itakatwa huko hata kama ni tamu.

Kionjo kikishazunguka

Kabla hakijatoka, waambie wazazi na jamaa filamu inahusu nini. Mjini kwetu habari hufika baraza la nyumbani haraka kuliko unavyodhani, na si vizuri mama kuulizwa jambo ambalo hakulisikia kwako.

Jumanne usiku, kabla ya safari, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti zote, na utumie programu ya namba za siri badala ya ujumbe wa simu, kwa sababu laini ikiibiwa ujumbe unaibiwa nao. Namba za akiba ziandike kwenye karatasi uziweke nyumbani. Andaa maelezo ya sentensi tatu: filamu inahusu nani, inaoneshwa lini na wapi, nani aulizwe zaidi. Hayo ndiyo utakayompa kila mwandishi wa habari, neno kwa neno.

Soma mtandao mara mbili kwa siku, dakika 20 baada ya adhuhuri na 20 baada ya isha. Asubuhi kabla ya kurasa hapana, kwa sababu sentensi moja chungu inakaa kichwani na inaingia mdomoni mwa mhusika asiyehusika nayo. Bora zaidi, mpe mtu unayemuamini asome badala yako na akuletee mambo matatu tu: kosa la ukweli, anayetaka kufanya kazi nawe, na kitisho au akaunti bandia. Akikuletea "Pemba hatusemi hivyo", lihifadhi kwenye faili la marekebisho. Huyo anakusaidia bure. Lawama ya mila au dini usiijibu usiku. Jibu mara moja, kwa heshima, na kama anayelalamika ni mzee wa mtaani mfuate kwake mkazungumze.

Kila filamu inapopata sauti, hutokea watu wanaojiita wasaili wa waigizaji na kutoza vijana pesa ili "wapewe nafasi". Bandika mapema juu ya ukurasa wako kwamba usaili hautozwi ada. Inaumiza sana kumuona kijana aliyeuza simu yake kwa ajili ya usaili usiokuwepo.

Mswada wenyewe usiurushe kwenye kundi lolote. Kila nakala iwe na jina la mpokeaji likipita katikati ya kila ukurasa. Hakimiliki inaanza pale kazi inapoandikwa. Tanzania iko ndani ya Mkataba wa Berne, mkataba wa mataifa kuhusu hakimiliki, tangu 1994. Hata hivyo kuisajili katika ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, COSOZA, kunakupa ushahidi siku mtu akidai ni yake, basi fanya hivyo kabla ya wiki kama hii.

Ijumaa na Ngome Kongwe

Ijumaa ni fupi. Kurasa 2 za mwisho ziishe mapema, kisha boti au ndege. Kama ratiba ya siku hiyo inagongana na sala ya Ijumaa, vuka Alhamisi jioni ikiwa usafiri upo, na kurasa hizo uzimalizie nyumbani.

Onesho la Ngome Kongwe huwa wazi chini ya anga, hivyo linasubiri giza. Tangu 1998 ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar liitwalo pia Tamasha la Nchi za Jahazi, limewaleta pale watayarishaji wa kutoka pande nyingi, na wengi hukutana na mwandishi kwa dakika mbili tu, wamesimama. Uwe na sentensi moja ya filamu yako inayofuata, maneno yasiyozidi 30, yenye mhusika, anachotaka na kinachomzuia. Ijaribu kwa mtu asiye wa filamu, akikuuliza "halafu?", iko tayari.

Kutuma mswada kunafanyika kabla ya onesho, Ijumaa jioni. Kama namba za kurasa zimeshafungwa kwa ajili ya ratiba ya kupiga picha, ukurasa ulioongezwa baada ya 41 ni 41A. Usizisogeze namba zinazofuata. Weka nyota pembeni ya kila mstari uliobadilika. Kwa rangi za karatasi, toleo la kwanza ni jeupe, la marekebisho ya mwanzo buluu, kisha waridi, manjano, kijani. Kwenye barua pepe orodhesha kurasa zilizobadilika kwa namba, taja sini ya karafuu ilirekebishwa kutokana na ulichokiona shambani, na ufungue PDF kwenye simu ya mtu mwengine uone kama herufi zimekaa sawa kabla hujabonyeza kutuma.