Namna ya kukaa saa moja mbele ya Ekaristi Takatifu ukitokea kazini

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi nakaanga samaki pale soko la samaki Bagamoyo. Kila Alhamisi ikifika saa kumi na moja jioni napunguza moto, nanawa mikono kwa ndimu na sabuni, navaa dera safi, najitanda mtandio, naondoka kwenda kanisani kuabudu Ekaristi. Jirani yangu wa meza ya pili ni Mwislamu. Yeye akienda kuswali Adhuhuri na Alasiri namwangalizia samaki wake, na Alhamisi ananiangalizia wangu. Huu ni mwaka wa tisa. Akina mama wa jumuiya yetu huniuliza, "Dada, huko mnafanya nini saa nzima?" Ninawaandikia hao, pamoja na kila anayedhani kuabudu Ekaristi, yaani kusali mbele ya mkate uliogeuzwa kuwa Mwili wa Kristo, ni kazi ya masista na wazee wa kanisa.

Nianze na hili, maana ndilo linalowazuia wengi: nani anaruhusiwa kwenda? Kila mtu.

Niliishi na mume wangu miaka kumi na moja bila ndoa ya kanisani. Jumapili watu wakipanga mstari wa Komunyo, yaani kuipokea Ekaristi, mimi nabaki kwenye benchi, nakunja miguu wenzangu wapite. Mliowahi kubaki kwenye benchi mnajua dakika zile zilivyo ndefu. Katekista mmoja mzee aliliona hilo, akaniambia, "Mama, njoo Alhamisi. Kule hakuna mstari." Nikaenda. Nikakuta kweli hakuna anayesimama wala anayebaki. Wote tumepiga magoti, tunatazama mahali pamoja. Kanisa lilikuwa limenizuia kupokea, lakini halikuwa limenizuia kumwabudu. Hapo nikajifunza sala ya komunyo ya tamaa, yaani kumwambia Yesu kwamba natamani kumpokea, na kwa kuwa sasa siwezi, aje moyoni mwangu kiroho. Ndoa yetu ilikuja kufungwa baadaye, na ninaamini ilianzia kwenye Alhamisi zile. Kwa hiyo kama uko katika hali niliyokuwa nayo, usingoje mambo yako yanyooke ndipo uje.

Sasa, kinachofanyika. Hostia, ule mkate mwembamba uliogeuzwa kuwa Mwili wa Kristo katika Misa, inatolewa kwenye tabernakulo, kile kisanduku inamotunzwa, inawekwa ndani ya kioo cha mviringo, na kioo hicho kinawekwa katikati ya monstransi, yaani chombo cha kuionyeshea, juu ya altare. Huwashwa mishumaa minne au sita, na ubani unafukizwa. Ni Yesu yuleyule wa kwenye Misa. Anayeiweka kwa kawaida ni padre au shemasi. Wakikosekana, akolito, yaani msaidizi wa altareni aliyewekwa rasmi, au mhudumu wa Komunyo aliyeruhusiwa anaweza kuiweka na kuirudisha, ila baraka hatoi.

Siku na saa ulizia ofisi ya parokia, au sikiliza matangazo ya Jumapili. Parokia nyingine hufanya Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kwetu ni Alhamisi, kwa sababu ni usiku wa Alhamisi Yesu alipowauliza wanafunzi wake kule Gethsemane, "Je! Hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja?" Ukikuta siku zako hazilingani na ratiba, ingia kanisani siku yoyote mlango ukiwa wazi, tafuta ile taa nyekundu karibu na tabernakulo, ukae hapo robo saa. Taa ikiwaka, yumo.

Ukifika mlangoni chovya kidole kwenye maji ya baraka, fanya ishara ya msalaba, kisha piga goti ukielekea altareni. Watu hubishana sana juu ya goti moja au mawili. Utaratibu wa Kanisa uliotolewa mwaka 1973 unasema goti moja linatosha, Ekaristi ikiwa tabernakuloni au ikiwa imewekwa wazi. Wengi wetu bado tunapiga yote mawili na kuinama mpaka chini, kwa mapenzi, na si kosa. Mwenye magoti mabovu ainame tu. Kosa ni kumtazama jirani yako na kumhesabia magoti. Simu izime kabisa. Usiiache kwenye mtetemo, kwa maana ikitetema juu ya benchi la mbao kanisa zima linasikia.

Kuhusu mahali pa kukaa, nina neno. Mwaka wangu wa kwanza dada mmoja alinigusa bega, akaninong'oneza nihamie nyuma kwa sababu nanuka samaki. Nilihama. Nikakaa benchi la mwisho machozi yananitoka, nanusa viganja vyangu, na kweli ndimu ilikuwa haijaondoa kitu. Kisha nikakumbuka Yesu aliwaita akina nani pale ziwani, na baada ya kufufuka aliwaandalia nini juu ya makaa. Wiki iliyofuata nilikaa benchi la tatu upande wa sanamu ya Bikira Maria, na ndipo ninapokaa hadi leo. Njoo na harufu ya kazi yako, iwe samaki, saruji au oili ya pikipiki. Nawa unavyoweza, kaa unapotaka.

Robo saa ya kwanza ndiyo ngumu, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Mwili umefika lakini kichwa bado kiko sokoni. Miguu inawaka, mbu wa magharibi wanaanza, na unakumbuka hela ya kikoba, mafuta ya kukaangia yaliyopanda bei, mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya mchango. Mwanzoni nilikuwa nayafukuza mawazo haya nikiona ni dhambi, na robo saa yote ilikwisha kwa kufukuza. Siku hizi siyafukuzi. Likija la kikoba, namwambia Yesu habari ya kikoba, kwa maneno yaleyale ambayo ningemwambia mama yangu. Likija la mtoto, namtaja mtoto kwa jina. Yakishasemwa yanatulia yenyewe. Huhitaji Kiswahili cha kwenye kitabu cha sala.

Baada ya hapo soma kidogo. Kidogo ni mistari mitano au sita. Mimi napenda Injili ya Yohane sura ya 6, pale anaposema yeye ni mkate wa uzima. Au Zaburi moja. Soma mara mbili polepole, funga kitabu, baki na neno moja lililokugusa. Likikuponyoka lirudie. Ukikosa kabisa la kusema, sema la mtume Tomaso alipomwona Yesu mfufuka: "Bwana wangu na Mungu wangu."

Rozari inaruhusiwa, msidanganyane. Tena Alhamisi ni siku ya Matendo ya Mwanga, yale mafumbo matano ya Rozari aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, na tendo la tano ndilo Yesu kuweka Sakramenti ya Ekaristi. Likisaliwa mbele ya monstransi lina uzito wake. Ila ninawaomba viongozi wa vyama na kwaya, kwa heshima zote: msiijaze saa nzima kwa kipaza sauti. Litania, wimbo, novena, wimbo tena, tangazo, wimbo. Mtu ametoka kwenye kelele za soko amekuja kumtazama Mungu, anakuta kelele nyingine. Tuachieni walau nusu saa ya ukimya. Imbeni mwanzo, imbeni mwisho.

Ukisinzia, simama kidogo au piga magoti, kisha kaa tena. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu mwenyewe alikiri kwamba usingizi ulimchukua kwenye sala, na hakuacha kwenda. Watoto waje pia. Dakika kumi zinawatosha, watoke wakacheze.

Ikikaribia saa kumi na mbili na nusu, adhana ya Magharibi inasikika kutoka mjini. Mimi nikiisikia namwombea jirani yangu aliyesimama mezani kwangu. Kisha nawakumbuka waliopiga magoti kwenye ardhi hii kabla yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao hapa mwaka 1868, na walioijaza tangu mwanzo ni watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Mtu aliyekuwa akiinamishwa kwa nguvu, hapa aliinama kwa hiari yake. Nikichoka magoti nawafikiria hao.

Kama unaweza, baki mpaka Baraka ya Sakramenti Kuu. Huimbwa wimbo wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ule wa Tantum ergo, na padre anafukiza ubani akiwa amepiga magoti. Halafu anavikwa shali pana begani. Angalia mikono yake hapo. Anaifunika kwa ncha za shali, ndipo anaishika monstransi, ili ionekane kwamba si mkono wake unaobariki. Anageuka, anainyanyua, anachora msalaba mkubwa polepole bila kutamka neno lolote. Kengele ndiyo inayolia. Wengi hufumba macho na kuinamisha kichwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nakushauri uinue macho kwanza, umtazame, kisha ndipo uiname. Ameinuliwa ili aonekane. Baada ya hapo tunasema yale masifu ya "Mungu atukuzwe", na Hostia inarudishwa tabernakuloni.

La mwisho ni zamu. Ekaristi ikishawekwa wazi haiachwi peke yake hata dakika moja, ndiyo maana kuna daftari kwa msakristia, mtunza vyombo vya kanisa, na majina mawili mawili kwa kila saa. Kabla hujatoka, hakikisha kuna anayebaki. Masika moja mvua ilishika saa kumi na mbili, na mwenzangu wa zamu alikuwa ameitwa nyumbani kwa mgonjwa. Saa yangu ikaisha, waliotakiwa kutupokea hawatokei, barabara imejaa maji. Nikabaki peke yangu na mishumaa sita. Niliwaza samaki wangu, niliwaza mkaa unaolowa, nikamwambia na hilo. Sikuwahi kukaa karibu naye kama jioni ile. Padre alifika saa moja na nusu kwa ajili ya Baraka, akanikuta palepale.

Niliporudi sokoni usiku, meza ilikuwa imefutwa na karai limefunikwa. Jirani yangu alikuwa amekaa chini ya turubai na samaki wangu watatu waliobaki, akinisubiri. Fedha za mauzo alikuwa amezifunga kwenye pindo la kanga yake. Akazifungua, akanihesabia noti moja moja, akaniuliza kama nimesali vizuri.

Alhamisi ijayo zamu ya saa kumi na moja na nusu ina jina moja tu kwenye daftari, langu. Ukija, niko benchi la tatu upande wa Bikira Maria.