Kumkumbuka mwanahewa aliyepotelea baharini: anzia kwenye ndege

Mwanahewa wa Vita vya Pili vya Dunia aliyemezwa na bahari hana kaburi, ana jina ukutani. Wengi huishia hapo: jina moja linasomwa kwenye ibada na wenzake wa ndegeni wanasahaulika. Tumia jina kuipata namba ya ndege, kisha namba hiyo ikupe wote.

Fungua tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na kumbukumbu za wanajeshi wa Jumuiya ya Madola, utafute kwa jina la ukoo na herufi ya kwanza tu. Nakili namba yake ya jeshi, skwadroni (kikosi chake cha ndege) na tarehe ya kifo. Ukuta wa Runnymede, Surrey, uliofunguliwa 1953, una majina zaidi ya 20,000 ya walioruka kutoka Uingereza na Ulaya ya kaskazini na magharibi. Aliyekuwa kwenye Catalina, ndege za kutua majini, za Kipevu, Mombasa, au za Dar es Salaam, mtafute kwanza kwenye ukuta wa Alamein, Misri, hata kama ndege ilizama Bahari ya Hindi.

Sasa nenda kwenye daftari la skwadroni, mfululizo wa AIR 27, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew. Fomu 540 inasimulia siku kwa siku. Unayoitaka hasa ni Fomu 541: namba ya ndege, majina, saa ya kuruka, saa ya kutua. Kwenye mstari wa ndege iliyopotea, saa ya kuruka ipo. Pa kutua ni patupu, au pameandikwa kwamba haikurudi. Namba ya ndege ni herufi mbili na tarakimu tatu, au herufi moja na tarakimu nne. Nakala zimefifia, na 3 husomeka kama 8, kwa hiyo rudi kurasa za wiki iliyotangulia. Ndege ileile huwa imeruka mara kadhaa na utaiona vizuri zaidi. Saa ni za kijeshi: 0545 ni saa kumi na mbili kasorobo alfajiri.

Tarehe ndiyo inayowapoteza watu. Ndege iliyoruka jioni ya tarehe 24 inaweza kuwa na wafu waliosajiliwa tarehe 24 na wengine 25, basi tafuta siku zote mbili. Kwenye kibao andika "usiku wa kuamkia tarehe 25". Kiswahili kimeshatatua tatizo hilo.

Kisha hesabu vichwa. Lancaster, ndege ya mabomu, ilibeba watu saba. Ukikuta wanane, wa nane mara nyingi ni rubani mgeni aliyepanda kujifunza. Ukipata watano tu Runnymede, usidhani wawili walinusurika. Huenda maji yaliwatupa ufukweni, nao wamezikwa Denmark, Uholanzi au Norway. Rudi kwenye tovuti ya makaburi, utafute kwa skwadroni na tarehe, bila jina.

Akiwemo Mwaustralia, una bahati: majalada ya A705 katika Nyaraka za Taifa za Australia yana barua na taarifa za uchunguzi, na jalada la mmoja hueleza yaliyowapata wote. Kwa Waingereza jaribu AIR 81, majalada ya namna hiyo yaliyoko Kew.

Siku ya kumbukumbu, soma majina kwa mpangilio wa Fomu 541, rubani akiwa wa kwanza, ukitaja jina, umri na kazi: mwelekezi, fundi redio, mpiga bunduki wa mkiani. Kupanga kwa cheo humsukuma kijana wa miaka 19 mwishoni kila mara. Umri usipokuwepo kwenye rekodi, uruke, usikadirie.

Shada lifungwe kwa ukili au kamba ya katani, bila waya wala plastiki. Angalia jedwali la maji na uliweke yakiwa yameanza kupwa. Ukiliweka yakijaa, litarudi miguuni pa waliokuja kabla hujamaliza kusoma majina.